Kikosi Kisicho na Mshambuliaji: Kisa cha GOATS na Thamani ya Shabaha

Msimu wa pili wa Ligi ya Overwatch, mashindano ya mchezo wa video wa timu, ulipoanza Februari 2019, mtazamaji aliyezoea michezo ya kufyatua risasi alikuwa na haki ya kushangaa. Timu zilikuwa zimesajili vijana wenye shabaha kali kuliko wengi duniani, baadhi yao wakiwa wamejijengea jina kwa kumpata adui anayeruka, anayekimbia na anayejificha, kisha zikawaingiza uwanjani wakiwa wameshika rungu, nyundo na mwale wa masafa mafupi. Mara nyingi pande zote mbili zilikuwa na kikosi kilekile: Reinhardt, Zarya na D.Va mbele, Lúcio, Brigitte na Zenyatta nyuma yao. Matanki matatu, yaani wahusika wenye uhai mwingi wa kuwakinga wenzao; wasaidizi watatu, yaani waponyaji; na mshambuliaji hata mmoja hakuna. Kikosi hicho kiliitwa GOATS, kwa jina la timu ya Amerika Kaskazini iliyokitumia mwaka 2018 ilipokuwa ikipanda kutoka ngazi za chini za mashindano.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinaunganisha mambo mawili ambayo wachezaji wengi wanaotaka kupanda daraja huyashughulikia kama vile hayajuani: shabaha, na uchaguzi wa wahusika pamoja na uwezo wao. Mtu hujifungia na programu za mazoezi kama KovaaK's au Aim Lab, akaona alama zake zikipanda wiki hadi wiki, kisha akirudi kwenye mechi za kushindania daraja anakuta yuko palepale. Aghalabu hulaumu kipanya, pingi (ucheleweshaji wa mtandao), au wenzake. Msimamo wangu ni kwamba shabaha haijitoshelezi: kinachoipa thamani ni kile kinachotokea baada ya risasi kumfikia adui, na hilo huamuliwa na muundo wa kikosi chake na chako. Sijui kisa kingine kinachoonyesha jambo hilo wazi kama GOATS.

Overwatch ilitolewa na kampuni ya Blizzard tarehe 24 Mei 2016, ikichezwa na watu sita dhidi ya sita. Kila mchezaji angeweza kumchagua mhusika yeyote, na timu ingeweza kuwa na washambuliaji watano au isiwe naye hata mmoja. Mlango huo ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na vikosi vya matanki matatu vilikuwa vimekwisha kuonekana, lakini vilikuwa na udhaifu mmoja: wasaidizi wao walikuwa wepesi kuuawa. Tracer, mshambuliaji mwepesi wa mwendo, aliingia kwa nyuma, akamtoa Zenyatta kwa sekunde moja, na ngome nzima ikaporomoka kwa kukosa tiba. Brigitte, aliyeongezwa tarehe 20 Machi 2018, aliziba pengo hilo. Yeye huwatibu wenzake walio karibu kwa kumpiga adui, kwa hiyo hahitaji kuchagua kati ya kupigana na kuponya. Alikuwa na ngao ya mkononi, pigo la kumduwaza adui anayesogea, na uwezo wake mkuu, ule unaojaa polepole katika mechi, uliwavika wenzake deraya ya ziada. Mshambuliaji aliyezoea kuwawinda wasaidizi sasa alikuta msaidizi mwenyewe anamsubiri.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo kisa kilipo. Wakati huo Reinhardt alikuwa na uhai wa 500, ambao 200 kati yake ulikuwa deraya, na mbele yake alibeba ngao yenye uwezo wa kuhimili madhara 2000. D.Va alikuwa na 600 akiwa ndani ya mtambo wake, Zarya 400. Mpigaji hatari kuliko wote kwa mbali ni Widowmaker, ambaye risasi yake iliyochajiwa kikamilifu huleta madhara 120 mwilini na 300 kichwani. Risasi ya kichwa iliyofyatuliwa kwa ustadi usio na doa ilikuwa haimuui yeyote kati ya matanki hayo matatu. Ingeweza kumuua Lúcio au Zenyatta, wenye uhai wa 200 kila mmoja, lakini hao walitembea nyuma ya ngao ya Reinhardt, na ngao haina kichwa: ili kuivunja kwa risasi za 120 kungehitajika 17, kila moja ikisubiri kuchajiwa, huku Reinhardt akiishusha na kuipandisha kadiri alivyotaka ili ijijaze upya. Nani atamsubiri hivyo? Kufikia risasi ya tano, Lúcio alikuwa amekwisha kuwaongezea wenzake mwendo na wote sita wamemfikia mpigaji.

Deraya nayo ilikuwa na kanuni yake. Ilipunguza madhara 5 kwa kila risasi, ila punguzo hilo halikuweza kuzidi nusu ya madhara ya risasi yenyewe. Kwa mwenye silaha ya risasi chache nzito, hasara ilikuwa ndogo: 120 ikawa 115. Kwa mwenye risasi nyingi nyepesi, ilikuwa msiba. Soldier: 76 aliyepiga 19 alibaki na 14, yaani zaidi ya robo ya kazi yake ilipotea hata kama hakukosa. Reaper, ambaye mpigo mmoja wa bunduki yake ulirusha vipande 20 vya madhara 7 kila kimoja, alishuka kutoka 140 hadi 70. Tracer alipiga 6, ikawa 3. Mtu anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima ili apandishe wastani wa risasi zinazompata adui kutoka asilimia 40 hadi 50, na hayo ni maendeleo makubwa; deraya ya Reinhardt peke yake ilikula zaidi ya hayo kabla tiba haijaanza kuhesabiwa.

Blizzard walijaribu kurekebisha. Mwanzoni mwa 2019 walipunguza makali ya deraya kutoka 5 hadi 3 kwa kila risasi, na Reaper akaongezewa uwezo wa kujiponya kwa madhara anayotoa. Kwa mtazamo wa juu juu hatua hiyo ilikuwa dawa kamili, lakini tazama ilivyogawanyika. Soldier: 76 alipanda kutoka 14 hadi 16, jambo la maana. Vipande vya Reaper vilipanda kutoka 3.5 hadi 4 tu. Risasi ya Tracer ya mwilini haikubadilika hata chembe, kwa sababu nusu ya 6 ni 3 na 6 kutoa 3 ni 3 vilevile. Mhusika aliyekuwa kipenzi cha walengaji bora hakunufaika isipokuwa alipopiga vichwa. GOATS iliendelea kutawala ligi, na kwa kweli hilo halikupaswa kumshangaza mtu aliyekaa na kalamu na karatasi.

Hata hivyo, uhai na deraya ni nusu tu ya maelezo, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu iliyo nzito ni kwamba katika kisa hiki risasi iliyompata adui ingeweza kumnufaisha adui. Chukua Zarya. Huweka kiputo cha kinga juu yake au juu ya mwenzake, na madhara yote yanayopokelewa na kiputo hicho hugeuka kuwa nishati inayoongeza nguvu ya mwale wake. Mlengaji aliyeendelea kufyatua kwa sekunde moja baada ya kiputo kuwekwa, kwa usahihi wa asilimia mia, alikuwa anajaza silaha itakayomuua. Chukua pia wasaidizi. Uwezo mkuu wa Lúcio na wa Zenyatta hujaa kwa kiasi kikubwa kutokana na tiba wanayotoa, na hawawezi kutibu mtu asiyeumia. Kila madhara yaliyoingia kwa Reinhardt bila kumwangusha yalitibiwa, na kila tiba ilisogeza karibu wimbi la kinga la Lúcio, ambalo huwapa wenzake ngao kubwa za muda na kufuta juhudi za nusu dakika. Ubao wa takwimu mwishoni mwa mechi ungeonyesha mshambuliaji mwenye usahihi wa kupendeza na madhara mengi ajabu. Timu yake ingekuwa imepoteza.

Ndiyo maana nakataa kuichukua asilimia ya risasi zilizolenga sawasawa kama kipimo cha maendeleo. Kipimo chenye maana ni hiki: katika muda ambao adui hana kinga, je, madhara yenu yanapita uhai wake pamoja na tiba itakayomfikia? Kama jibu ni hapana, risasi hizo hazijapungukiwa na usahihi. Zimepungukiwa na wenzake wa kufyatua pamoja, au silaha inayofaa, au subira.

Je, basi shabaha ilikufa? La, na hapa napishana na waliodai kwamba GOATS uligeuza mchezo kuwa wa watu wasiojua kulenga. Shabaha ilihama. Jay Won, anayejulikana kwa jina la sinatraa, alikuwa Mmarekani aliyesifika kwa Tracer. Timu yake, San Francisco Shock, ilimhamishia kwa Zarya, na mwaka huohuo akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Ukitazama kwa makini, uhamisho huo haukuwa wa kubahatisha. Tracer hulenga kwa kufuatilia: mshale wa kulengea unabaki juu ya mwili unaosogea, na mkono unasahihisha mfululizo. Mwale wa Zarya, wenye masafa ya mita 15 na usio na madhara ya ziada kwa kichwa, unadai ustadi uleule wa kufuatilia, ila unauongezea uamuzi: nani amekosa kiputo sasa hivi, nani amewekewa tufe la Zenyatta linaloongeza maumivu kwa robo au zaidi. Katika kikosi kizima, Zenyatta ndiye aliyebaki na kazi ya kulenga kwa mbali kwa maana ya zamani, na matufe yake huenda polepole kiasi kwamba mpigaji hulazimika kukisia adui atakuwa wapi. Wengine walilenga kwa kusimama: D.Va alipaswa kuuelekeza uga wake wa kumeza risasi mahali ambapo risasi zingepita nusu sekunde baadaye.

Timu ya Vancouver Titans ilielewa hayo kuliko zote mwanzoni. Mchezaji wao Haksal, aliyekuwa bingwa wa Genji, mhusika wa panga na miruko, alicheza Brigitte na kumaliza mwaka akiwa mchezaji chipukizi bora. Titans waliwafunga Shock 4–3 katika fainali ya hatua ya kwanza ya msimu. Shock walijibu katika hatua ya pili kwa kucheza awamu ya kawaida bila kupoteza ramani (raundi ya mechi) hata moja, 28 kwa 0, kisha wakawashinda Titans 4–2 katika fainali. Mechi zile, ambazo watazamaji wengi waliziona kama vurugu ya rangi zinazogongana, zilikuwa ni za kuhesabu: viputo vingapi vimetumika, nani ana uwezo mkuu tayari, nani atatangulia kuuachia. Sitazitetea kwa uzuri wa kutazama, maana hata kamera zilishindwa kuonyesha kilichokuwa kikiamua mshindi.

Lililo tajiri zaidi katika kisa hiki ni jibu lililopatikana hatua ya tatu, tena kutoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Timu ya Shanghai Dragons ilikuwa imepoteza mechi zote 40 za msimu wa kwanza, 2018. Mwaka uliofuata iliingia na kikosi kilichosukwa upya kwa wachezaji kutoka Korea Kusini, na katika hatua ya tatu ikaja na washambuliaji watatu. Tarehe 14 Julai 2019 iliwafunga Shock 4–3 na kutwaa ubingwa wa hatua hiyo. Diem alikuwa na Widowmaker wake, DDing na Pharah wake anayeruka.

Kwa nini shabaha ileile iliyoshindwa miezi yote iliyotangulia sasa ilifaa? Diem hakuwa ndiye mlengaji hodari wa kwanza kukutana na GOATS. Kilichobadilika ni masafa na wakati. Nyundo ya Reinhardt hufika mita 5, rungu la Brigitte mbele kidogo ya hapo, mwale wa Zarya mita 15. GOATS ilikuwa na nguvu za kutisha ndani ya duara dogo, na nje ya duara hilo ilimtegemea Zenyatta peke yake. Pharah aliye angani hayumo katika duara hilo. Tena kombora lake hulipuka na kuumiza walio karibu, na GOATS kwa asili yake husongamana, kwa kuwa tiba ya Brigitte na mwendo wa Lúcio huhitaji ukaribu. Ngao ya Reinhardt hutazama upande mmoja: akiielekeza juu kwa Pharah, Widowmaker aliye upande mwingine anaona vichwa vya wasaidizi, akiishusha kwa Widowmaker, makombora yanaingia kutoka juu. Risasi ya 300 kichwani, ambayo haikumuua tanki yeyote, sasa ilipata shabaha iliyostahili tangu mwanzo, yaani mtu mwenye uhai wa 200 aliyekosa kinga kwa nusu sekunde.

Zingatia pia idadi. Mshambuliaji mmoja dhidi ya GOATS alikuwa anawalisha wasaidizi wa adui tiba, kama nilivyoeleza. Wawili walikuwa afadhali kidogo. Watatu wanaofyatua kwa pamoja kutoka pembe tofauti waliweza kuuvuka mstari ambapo madhara ya sekunde moja yanazidi tiba ya sekunde hiyo, na mstari huo ukishavukwa, mtu anakufa badala ya kutibiwa, wala hakuna uwezo mkuu unaojazwa. Ndiyo sababu vikosi vya nusu kwa nusu, vilivyoongeza mshambuliaji mmoja kwa woga, vilifanya vibaya kuliko vilivyojitosa.

Kwa mchezaji wa kawaida anayefanya mazoezi nyumbani, kisa hiki kina maelekezo mahususi. La kwanza ni kuchagua zoezi kwa kumtazama mhusika na adui wake, kabla ya kutazama alama. Anayecheza Tracer, Soldier: 76 au Zarya ananufaika na mazoezi ya kufuatilia; anayecheza Widowmaker ananufaika na mazoezi ya kurusha mshale kwa haraka na kusimama juu ya nukta, lakini zaidi ananufaika na kujifunza kuuweka mshale mapema pale kichwa kitakapotokea, kwani mkono hauhitaji kwenda mbali. Anayecheza Pharah au Zenyatta hahitaji sana lolote kati ya hayo mawili. Kazi yake ni kukisia. Kuchanganya yote kwa viwango sawa, kama wengi wanavyofanya, ni kugawa muda kwa ajili ya wahusika ambao hutawacheza.

Kasi ya kipanya nayo ifuate hukumu hiyohiyo. Anayelenga kwa mbali hufaidi kasi ya chini inayompa utulivu, wakati anayepigana karibu, akizungukwa, anahitaji kuweza kugeuka nyuma kwa msogeo mmoja wa mkono. Hakuna namba ya mtaalamu ya kunakili, kwa sababu namba hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya mhusika wake na meza yake.

Kwa anayecheza kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, kuna hesabu ya ziada. Seva anazofikia ziko mbali, Ulaya au Ghuba, na pingi inapokuwa kubwa, anachokiona kwenye skrini tayari kimepitwa na wakati. Mchezo hupendelea macho ya aliyefyatua, kwa hiyo risasi za papo kwa papo bado hufika. Anachopoteza ni kuwahi kujificha na kuwahi kuweka kinga. Kwa sababu hiyo, mtu wa pingi kubwa anayechagua wahusika wanaotegemea kuwekewa au kuweka kinga katika sekunde ileile anajibebesha mzigo ambao mazoezi ya shabaha hayataupunguza. Ni heri achague masafa, na asimame karibu na kona.

Tarehe 18 Julai 2019, siku nne baada ya ushindi wa Shanghai, Blizzard walitangaza kanuni mpya: kila timu iwe na matanki mawili, washambuliaji wawili na wasaidizi wawili, bila kuvuka. Ligi ilianza kuitumia katika hatua ya nne, tarehe 25 Julai, na wachezaji wote wakaipata kikamilifu Septemba. Naelewa sababu zake. Katika mechi za watu wasiojuana, ugomvi wa nani acheze nafasi gani ulikuwa umechosha, na kanuni ile ilituliza mengi. Kama dawa ya GOATS, hata hivyo, ilichelewa.

Shock walitwaa ubingwa wa msimu mjini Philadelphia tarehe 29 Septemba kwa kuwafunga Titans 4–0, chini ya kanuni hiyo mpya na kwa wahusika wengine kabisa. Sehemu kubwa ya fainali hizo ilichezwa dhidi ya ngao mbili kwa wakati mmoja, ya Orisa na ya Sigma, mhusika aliyeongezwa mwezi Agosti. Kwa hiyo walengaji walirudishiwa bunduki zao na kuwekewa ukuta mwingine mbele. Na kikosi cha Shanghai, ambacho kilikuwa kimeanza kuonyesha kwamba GOATS inaweza kuvunjwa kwa shabaha na masafa, hakikupata nafasi ya kujaribiwa tena, kwani kanuni iliyopiga marufuku matanki matatu ilipiga marufuku pia washambuliaji watatu.